Mbao za Mariyama

Watu wengine huhama na kitanda. Mama Mkubwa wangu, Koulsoum, kitanda alimwachia jirani, kabati la kioo akamwachia jirani, yeye akahama na nyumba.

Nasema nyumba yenyewe, si vyombo. Kuta za mbao, mabati ya paa, milango mitatu, madirisha matatu, vizingiti, hata misumari. Vyote vilivuliwa kimoja kimoja pale Antanimasaja, mjini Mahajanga, mwaka wa 1979, vikafungwa kamba, vikaenda bandarini kusafiri mpaka kisiwa cha Nosy Be.

Sisi ni Wangazija wa Mahajanga. Mwaka 1976, mwezi wa Desemba, watu wetu wengi waliuawa katika mji ule, na waliosalia wengi wakapandishwa ndege wakarudishwa Ngazija. Mama yangu mzazi alikwenda nao. Mimi siku ile nilikuwa na homa kali, nikabaki mgongoni kwa Mama Mkubwa. Jirani yetu Mmalagasi alikuwa amesimama mlangoni petu siku mbili akiwaambia watu kwamba humu ndani hamna mtu. Mama Mkubwa hakuondoka. Alikuwa na binti mmoja, Hayrat, na alikuwa na nyumba, na mume wake alikuwa amezikwa katika mji ule. Kila alfajiri aliendelea kupika vitumbua na kuwauzia wapagazi wa bandarini, lakini kicheko chake cha zamani sikukisikia tena.

Miaka mitatu baadaye Hayrat akachumbiwa na Tadjiddine, kijana fundi wa injini za mashua, ambaye ndugu zake wako Hell-Ville, mji mkuu wa Nosy Be. Hapo ndipo Mama Mkubwa akasema, basi, tutahama.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na wazazi wake, na mume huja kukaa kwake, amebeba sanduku la nguo. Binti asiye na nyumba huolewa pia, lakini anakwenda kukaa kwa watu, na neno hilo halimtoki mpaka azeeke. Nyumba yetu babu aliijenga kwa ajili ya bibi yetu Mariyama. Bibi alipofariki ikawa ya Mama Mkubwa, naye alikuwa ameiweka kwa Hayrat. Kuiuza na kujenga nyingine Nosy Be kulikuwa hakuwezekani: mabati mapya hayakuwako madukani siku hizo, na mfuko wa saruji uliupata kwa barua ya ofisi na bahati.

Mjomba Mohamadi, mdogo wake Mama Mkubwa, alikuwa ameoa huko kisiwani, Ambondrona, kwa Wasakalava wa pwani ya magharibi. Wakwe zake walimpa kiwanja karibu na nyumba zao. Akatuma habari: njooni, ardhi ipo.

Aliyeibomoa nyumba ni Chaher, fundi seremala mzee, mtu wa kijiji kimoja na babu. Alikuwa akichomoa ubao, anaukung'uta vumbi, anaulaza juu ya majani. Mama Mkubwa alikaa chini na nyundo ndogo, akinyoosha misumari juu ya jiwe. Debe zima la misumari aliinyoosha yeye, wiki mbili.

"Lazima niziandike," alisema Chaher. "La sivyo huko watakujengea banda la mbuzi. Niletee mkaa."

"Mkaa bahari itaufuta," alisema Mama Mkubwa. Akaenda kwa wachora mashua, akarudi na kopo la rangi ya buluu.

Sasa, nyumbani kwetu vyumba havikuwa na namba. Kulikuwa na ukumbi, kulikuwa na kwa Hayrat, na chumba cha nyuma kiliitwa kwa Mariyama. Bibi alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na bado tulisema, nenda kwa Mariyama ulete mkeka. Mimi nililala kwa Mariyama. Hakuna aliyeona ajabu.

"Dada Koulsoum, hiki cha nyuma nikiiteje?" Chaher aliuliza, brashi mkononi.

"Kiite kinavyoitwa."

Basi Chaher, aliyejua herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, akaandika kwa buluu juu ya kila ubao: Mariyama moja, Mariyama mbili, hadi Mariyama ishirini na sita.

Bandarini tulimkuta nahodha Assoumani, mwenye meli ndogo ya mbao ya mizigo, yenye injini inayokohoa. Alizunguka lundo letu mara mbili, mikono kiunoni.

"Mama, watu huhama na godoro. Wewe unahama na ukuta?"

"Na paa," alisema Mama Mkubwa.

"Na mlango wa choo je?"

"Umo. Usiuweke chini."

Wapagazi wakacheka, maana wote walimjua kwa vitumbua vyake. Assoumani alikuwa na utaratibu wake. Mabati chini, yakalazwa juu ya magogo ili maji ya ngama, yale machafu yanayokaa tumboni mwa meli, yasiyafikie. Mbao juu ya mabati. Mifuko mitatu ya saruji juu kabisa, imefungwa kwa turubai, kwa sababu saruji ikishaonja bahari mara moja inakuwa jiwe. Alipofika kwenye kitanda na kabati alitikisa kichwa. Meli imeshazama vya kutosha, alisema, achague: kitanda na kabati, au zile mbao ishirini na sita za mwisho.

Hayrat alimshika mama yake mkono. "Mama, kabati lina kioo."

"Kioo hakizuii mvua," alisema Mama Mkubwa, na mbao za Mariyama zikapanda.

Safari ilikuwa siku tatu, nami niliitapika yote, kwa hiyo sina la kuisimulia.

Ambondrona hakuna bandari. Meli ilisimama mbali kidogo maji yalipojaa, na ngalawa za wavuvi zikaja kuchukua mzigo kidogo kidogo. Mbao zililowa, rangi ya buluu ikabaki. Ufukweni walikuwa wamekuja wakwe wa Mjomba, wanawake na watoto, na mbele yao bibi wa mke wake, Dady Tombo. Dady kwa lugha yao ni bibi. Alikuwa mwembamba, amejifunga saluva mbili, zile kanga za huko, uso umepakwa msindano, ule urembo wa njano wa mti uliosagwa, na sauti yake ingeweza kuita ngalawa kutoka upande wa pili wa ghuba. Ardhi ile ilikuwa ya watu wake. Bila yeye hakuna aliyechimba shimo.

Mwanawe Mahamoud, mvuvi, alikuwa amesoma chuoni utotoni, na akawa anazisoma mbao kwa sauti kadiri zilivyoshuka, kama mtu anayeita majina ya wanafunzi. Hayrat nne. Hayrat tano. Mariyama tatu. Mariyama tisa.

"Hayrat ndiye huyu bibi harusi," alisema Dady Tombo kwa Kimalagasi. "Na Mariyama ni nani? Mbona hajashuka?"

Sote tukatazamana. Bibi yule alikuwa na macho.

"Nauliza kwa sababu," alisema, "mbao za chumba alichofia mtu hazisimami hapa. Ndivyo tulivyoachiwa na wakubwa wetu."

Mwiko huo, wao husema fady, ni wa ukoo wao. Ukienda kijiji cha pili unakuta watu hawana habari nao. Mjomba Mohamadi alikuwa ameishi nao miaka sita na aliujua, lakini hakuwahi kutuambia. Baadaye alisema alidhani mbao ni mbao tu, hazisemi zimetoka wapi. Hakujua kwamba za kwetu zimeandikwa.

Mama Mkubwa alifungua mdomo. Mjomba akamtangulia. Aliniwekea mkono kichwani.

"Mariyama ni huyu hapa," alisema. "Kile ni chumba chake."

Dady Tombo alinitazama juu mpaka chini. "Mbona amekauka hivi? Hamumpi kula huko Mahajanga?" Watu wakacheka, na ngalawa zikarudi kuchukua mabati.

Jina langu ni Ansoifa.

Jioni ile Mama Mkubwa na ndugu yake walizungumza Kingazija, taratibu, nyuma ya lundo la mbao.

"Umemkana mama yako, Mohamadi."

"Dada, nimekuokolea nyumba. Sisi Waislamu, fady yao inatuhusu nini?"

"Basi ungewaambia hivyo. Ungesema sisi ni Waislamu. Hukusema."

"Ningesema, sasa hivi mbao ziko baharini. Na harusi ni baada ya Mfungo Mosi. Unataka Hayrat aolewe juu ya mchanga?"

Hayrat alikuwa pale, anasikiliza, na alikuwa amemkazia mama yake macho ambayo hata mimi niliyaelewa.

Kesho yake ujenzi ukaanza. Mahamoud na wavuvi wawili walisaidia, na wanawake walibeba maji ya saruji. Nguzo zikasimama, kisha kwa Hayrat kukapanda, kisha kwa Mariyama. Kazi ilikwenda vizuri kiasi kwamba watu walikuwa wakipita kutazama nyumba iliyovuka bahari. Mama Mkubwa alikoroga unga wa vitumbua kwa ajili ya mafundi kila asubuhi, na kazi yoyote aliyoitwa aliifanya. Mimi nililiona jambo moja tu. Kila siku ya Ijumaa alikuwa na desturi ya kumsomea mama yake Yasini, sauti yake ikisikika mpaka kwa jirani, na mwisho kutaja jina na kusema Mungu amrehemu. Ijumaa ile alisoma kwa midomo tu. Alipofika mahali pa jina alinyamaza, akafunga msahafu.

Mimi Dady Tombo alinipenda. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa sisemi. Kila mchana alipomaliza kukaanga samaki alisimama uani kwake na kuita kwa sauti ile yake: "Mariyama! E, Mariyama! Njoo ule samaki!"

Mara ya kwanza nilichelewa kuitika, maana sikujua ni mimi. Mara ya pili nilikwenda. Siku ya nane alipoita, nilikuwa nimeshika ubao ambao Mama Mkubwa alikuwa anaupigilia msumari. Nyundo ikasimama hewani.

"Mariyama! Samaki wanapoa!"

Mama Mkubwa aliiweka nyundo chini. Aliiweka polepole, kama inaweza kuvunjika. Mjomba, aliyekuwa juu ya mihimili, akaona.

"Dada. Dada Koulsoum. Nyumba imefika madirishani."

"Mama yetu anaitwa kwenda kula samaki," alisema Mama Mkubwa, "na mimi nimekaa hapa napigilia. Ansoifa, twende."

Tulimkuta Dady Tombo anapara samaki kwenye beseni.

"Dady, nimekuja na neno," alisema Mama Mkubwa.

"Sema. Samaki hawana masikio."

"Mariyama ni mama yangu mzazi. Alifariki miaka tisa iliyopita, katika chumba hicho, kwenye kitanda, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Na alioshwa humo humo. Mtoto huyu anaitwa Ansoifa."

Kisu kikaanguka ndani ya beseni.

"Siku nane!" Sauti yake sasa haikuwa ya kuita mtu kula. "Siku nane nalisha jina la maiti nyumbani kwangu! Na yule Mohamadi, mume wa mjukuu wangu, alisimama mbele ya bahari akanidanganya mchana!"

"Aliyesema ni yeye. Aliyenyamaza ni mimi."

"Kwa nini unaniambia leo? Ungengoja nife, usingepata wa kukuuliza."

Mama Mkubwa alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata aulizwe bei. "Hapa ndipo binti yangu atakapozalia," alisema. "Sitaki azae mahali ambapo mama yangu hajafa."

Dady Tombo aliinuka. Alichukua beseni lake akaingia ndani, akaufunga mlango.

Siku tatu hakuja mtu kufanya kazi. Ngalawa zilipita mbele yetu, na hakuna aliyetuuzia samaki. Mke wa Mjomba alikwenda kukaa kwa bibi yake, na Mjomba alikula kwetu, kama mtoto aliyepigwa. Hayrat ndiye aliyesema.

"Wewe na ukweli wako, Mama. Hivi ukweli wako una paa?"

"Hauna."

"Watu wa Tadjiddine wanakuja kuitazama nyumba. Mamake atakuja. Utamwonyesha nini, nguzo?"

"Nitamwonyesha zilizosimama."

"Kabati umeacha. Kitanda umeacha. Vyote kwa ajili ya mbao hizo, na sasa mbao nazo..." Hakumaliza, akaenda kulia ufukweni, na mimi nikamfuata nikakaa mbali kidogo, kwa sababu ndiyo kazi niliyoiweza.

Nilimwona Mama Mkubwa siku hizo akitembea kati ya mbao. Alikuwa anazipapasa. Mtu ambaye hakuwaogopa waliokuja na mapanga sasa alikuwa anaogopa mwanamke mzee wa jirani, na sikufahamu kwa nini, mpaka nilipofikiri kwamba wale wa mwanzo hakuwa na kosa kwao.

Asubuhi ya nne alikuja Mahamoud. Hakukaa. Alisema maneno ya mama yake kama alivyotumwa: mbao zenye jina la Mariyama ziondolewe, kwa mikono yenu, hakuna mtu wetu atakayezigusa. Zisichomwe hapa, maana moshi wake utatuingia. Zisipite njia ya kijijini. Zirudi kwa bahari, njia ziliyojia. Zilizobaki zinaweza kusimama.

"Na mabati?" aliuliza Mama Mkubwa. "Yalikuwa juu yake vile vile."

Mahamoud akakuna kichwa. Hilo lilikuwa limeshajadiliwa. "Mama anasema mabati marehemu aliyatazama tu, hakuyagusa."

Nadhani Mama Mkubwa alitaka kutabasamu.

Tulizibandua sisi wenyewe, mbao ishirini na sita, pamoja na mlango wa nyuma ambao bibi alipitishwa kwenda kuzikwa. Mjomba alikopa ngalawa mbili akazifunga pamoja. Akazungukia baharini mpaka Hell-Ville peke yake, mara tatu, kuchukua zote, na hakuna aliyemhurumia. Msikiti mmoja wa huko ulikuwa unahitaji mbao ngumu za kutengenezea jeneza na kitanda cha kuoshea maiti. Wakazipokea kwa shukrani. Mjomba alituambia kwamba imamu aliuliza jina lililoandikwa ni la nani, ili amwombee, na kwamba yeye Mohamadi alimwambia. Aliposema hivyo alitazama chini.

Nyumba sasa ilikuwa na ukumbi na kwa Hayrat, na nyuma palikuwa wazi, upepo unaingia na kutoka. Mbao nyingine hatukuwa nazo. Mama Mkubwa alikwenda tena kwa Dady Tombo. Safari hii alisimama nje ya ua, hakuingia.

"Dady, nifundishe kufunga falafa."

Falafa ni mashina ya majani ya ravinala, mti unaofanana na mgomba. Hukaushwa, hupangwa wima moja kando ya lingine na kufungwa, na ndiyo kuta za nyumba zao zote.

"Wewe? Mikono hiyo ya vitumbua?"

"Ndiyo hii."

"Mnajenga kwa mbao ninyi. Mnatuona sisi tunakaa katika vikapu."

"Nilikuwa nasema hivyo," alisema Mama Mkubwa. "Kule Mahajanga nilikuwa nasema hivyo hasa."

Bibi yule alicheka kwa pua, bila kutaka. Hakumsamehe siku ile. Lakini alitoka na kisu akamwonyesha shina lipi limekomaa na lipi litaliwa na wadudu, na kila Mama Mkubwa alipokosea alimwambia mbele ya watu. Kazi ilichukua siku kumi na nne. Mama Mkubwa alijichanja vidole vyote.

Rabiata, mama yake Tadjiddine, alikuja na dada zake wawili kuitazama nyumba. Ni haki yao. Alipita ukumbini akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akapita kwa Hayrat, akasema mbao hizi ni za zamani, nzuri. Kisha akafika nyuma. Aliweka kiganja kwenye falafa, na ukuta ukalia kidogo.

"Na hapa? Mbao ziliishia wapi?"

Mama Mkubwa alikuwa anavuta pumzi ya kujibu. Lakini aliyejibu ni Hayrat, na mpaka leo sijui aliamua saa ngapi.

"Ziko msikitini Hell-Ville, mama. Bibi yangu alifia katika chumba hicho, na watu wa hapa hawaweki mbao za namna hiyo. Tumeziondoa."

"Mkaweka makuti."

"Falafa. Mama yangu ameifunga mwenyewe. Yeye atalala huku, na mimi kule kwenye mbao."

"Na kimbunga kikija?"

"Tutafunga nyingine. Wanaojua kufunga wako hapo, ua wa pili."

Rabiata aliwatazama dada zake. Akamtazama Mama Mkubwa, vidole vyake vilivyofungwa vitambaa. "Mtoto wako ana ulimi," alisema. "Mimi nilidhani ni bubu." Akaketi juu ya mkeka, akaomba maji, na wakaanza kupanga siku ya harusi.

Walioana baada ya Mfungo Mosi, siku ya Ijumaa. Wageni walikuwa wengi kuliko mikeka. Mchana, wakati wanawake wamejaa ukumbini, watu wa mlangoni wakageuka kutazama nje. Dady Tombo alikuwa amesimama nje, amevaa saluva mpya, na watu wake wote nyuma yake wanangoja kuona. Aliangalia kizingiti. Aliangalia juu, mabati. Kisha akavua makobazi, akainama, akaingia, akasukuma watu wawili kwa kiwiko na kukaa mahali pazuri karibu na bibi harusi.

"Ansoifa!" aliita, kwa sauti ile yake. "Pilau ya watu wazima iko wapi? Hii mliyonipa ina mifupa mitupu."